Mlezi na Mkaguzi katika Nchi ya Dhahabu

Wazee walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Neno hili ni la kale kuliko serikali zote zilizopata kutawala nchi ya Tanganyika, wala halina haja ya ushahidi kwa mtu aliyepata kukesha na mtoto mwenye homa. Lakini wazee walipolisema walikuwa wakifikiri mji wenye watu: bibi kivulini, shangazi jikoni, dada mkubwa mwenye kubeba mdogo wake mgongoni, na jirani asiyeona haya kumkemea mtoto wa mwenziwe. Katika mji wa namna hiyo mtoto alikuwa na walezi wengi, na kila mlezi alikuwa na mkaguzi wake, maana jicho la jamaa lilimwona. Insha hii ni habari ya mahali ambapo jicho hilo lilipungua nguvu, yaani mikoa ya Shinyanga na Geita, na ya jinsi Serikali ilivyojaribu kuweka jicho jingine badala yake, jicho la leseni na ukaguzi.

Nchi hii iko kusini mwa Ziwa Viktoria. Shinyanga inajulikana kwa almasi ya Mwadui, kwa pamba na ng'ombe, na kwa dhahabu ya upande wa Kahama. Geita iko magharibi yake. Ni mkoa uliozaliwa mwaka wa 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Hesabu ya watu ya mwaka ule wa 2012 ilikuta watu 1,739,530 katika Geita. Hesabu ya mwaka wa 2022 ilikuta 2,977,608. Shinyanga nayo iliongezeka kutoka watu 1,534,808 hata 2,241,299 katika miaka ile ile kumi. Watu hawaongezeki hivyo kwa uzazi peke yake. Wengi walikuja kwa habari za dhahabu, na mtu ajaye kwa habari ya dhahabu aghalabu humwacha bibi nyumbani.

Hali ya kazi yenyewe yafaa ielezwe kwanza, maana bila ya kuijua mtu hawezi kuielewa sheria. Wachimbaji wadogo hushuka katika maduara kutoa mawe. Mawe hayo hupondwa kwa nyundo au husagwa kwa karasha, kisha unga wake huoshwa katika mwalo, huchanganywa na zebaki ili dhahabu ishikamane, na mwisho zebaki huchomwa ikatoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Wanawake ni wengi katika kuponda, kuchekecha na kuosha, na wengi zaidi ni mama lishe wenye kupika chakula cha wachimbaji. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili katika kazi hii ana njia nne tu. Ampeleke mtoto mwaloni, amlaze penye vumbi na moshi. Au amwache na dada yake wa miaka minane, ambaye kwa sababu hiyo hatakwenda shule. Au amrudishe kijijini kwa bibi, ikiwa bibi yu hai na nauli ipo. Au amkabidhi mwanamke wa kambini anayekusanya watoto wa wenziwe kwa ujira mdogo wa kila siku. Njia hii ya nne ndiyo iliyo katika mamlaka ya sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na ndiyo yenye historia inayosimuliwa hapa.

Mwanzo wa madini, jambo hili halikuonekana. Wajerumani walitambua kuwa Geita ina dhahabu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na katika zamani za Waingereza mgodi mkubwa ulifanya kazi huko tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka wa 1966. Mwadui nako, Mkanada John Williamson alianza kuchimba almasi mwaka wa 1940, na alipokufa mwaka wa 1958 mgodi ulinunuliwa kwa ubia wa Serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers. Katika migodi mingi ya Afrika wakati ule mwenye kazi alitaka mwanamume peke yake. Mkewe na watoto walibaki shambani, na shamba ndilo lililobeba gharama ya kulea. Mwadui kulijengwa shule na hospitali kwa ajili ya watu wa mgodi, ukawa kama mji uliozungushiwa ua. Lakini hayo yalikuwa mambo ya kampuni moja tajiri, hayakuwa kanuni ya nchi. Sheria ya wakoloni iliyohusu watoto na vijana, ile ya mwaka wa 1937, ilishughulika zaidi na mtoto aliyefikishwa mahakamani. Mtoto aliyekuwa salama, au aliyedhaniwa kuwa salama, hakuwa na sheria. Alikuwa na mama yake.

Huko Ulaya, hata hivyo, swali lilikwisha kuulizwa, na jibu lake lilisafiri baadaye mpaka Afrika ya Mashariki. Katika London, mwaka wa 1870, mwanamke aliyeitwa Margaret Waters alinyongwa kwa kosa la kuua mtoto mchanga aliyemchukua kumlea kwa fedha. Kesi hiyo ilifunua biashara iliyokuwa imeenea: wasichana maskini na watumishi wa nyumbani waliwatoa watoto wao kwa walezi wa kulipwa, na watoto wengi wakafa kwa njaa na dawa za usingizi. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka wa 1872. Tangu hapo mtu aliyechukua kwa ujira watoto wachanga zaidi ya mmoja, kwa muda upitao saa 24, alilazimika kuandikisha nyumba yake. Ufaransa ikafuata mwaka wa 1874 kwa sheria ya kuwakagua watoto wa chini ya miaka miwili waliopelekwa kwa walezi wa kulipwa mbali na wazazi wao. Hivyo ndivyo fikira ya leseni ilivyozaliwa: fedha inapoingia kati ya mlezi na mtoto, Serikali nayo ina haki ya kuingia.

Lakini katika sheria ile ya 1872 mna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, nalo lahusu sana Geita. Walezi wa mchana hawakutiwa ndani yake. Walikuwako watu waliotetea wanawake wa kazi, nao walisema kwamba ukimtoza sheria mama mzee anayeangalia watoto wa majirani wawili watatu mchana, ataacha kuwaangalia, na mama zao watapoteza mkate. Hoja yao ilishinda. Ikawa miaka zaidi ya sabini kabla Uingereza haijatunga, mwaka wa 1948, sheria ya kuandikisha vituo vya mchana na walezi wa watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huo viwanda vilikuwa vimekwisha kuwaita wanawake katika vita, na Serikali yenyewe ilikuwa imefungua vituo vingi. Yaani ukaguzi wa malezi ya mchana ulipata nguvu pale tu ambapo yalikuwako mahali pengine pa kumpeleka mtoto. Fundisho hilo halina budi kukumbukwa mbele ya safari.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka wa 1961, malezi ya mchana yalianza kwa nguvu za watu kabla ya nguvu za sheria. Umoja wa Wanawake, ulioundwa mwaka wa 1962 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, ulihimiza vituo vya watoto pamoja na madarasa ya kusoma na ushirika wa wanawake. Mwaka wa 1968 ikatungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto, yaani nyumba ambamo mtoto hulala na kukaa. Halafu ukaja wakati wa vijiji. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 lilikuwa limetangaza kwamba kila mtu mwenye nguvu atafanya kazi, na mwanamke akiitwa shambani kwa zamu, mtoto wake hawezi kuachwa njiani. Operesheni ya kuhamia vijijini ilifika Shinyanga mwaka wa 1974. Wasukuma walikuwa na desturi ya kujenga mbalimbali, kila mji na mashamba na malisho yake. Sasa waliwekwa karibu karibu. Yako mengi ya kulaumu katika namna uhamisho ule ulivyofanywa, lakini kwa habari ya watoto ulileta jambo jipya: watoto wadogo wengi mahali pamoja, na kijiji chenye uongozi ulioweza kutenga chumba na kuchagua mama wa kuwaangalia. Chumba hicho watu walikiita chekechea, hata pale palipokuwa hapana kiti wala kitabu.

Vituo hivyo vilipoongezeka ndipo ilipotungwa Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ya mwaka wa 1981. Kwa mara ya kwanza, kituo cha mchana kilitakiwa kiandikishwe na Serikali, na ofisa akapewa haki ya kuingia na kutazama. Sheria hii ilikuwa ni mtoto wa wakati wake. Ilifikiri kituo chenye jengo, jengo lenye mwenyewe, na mwenyewe huyo akiwa ni kijiji, au kanisa, au shirika la umma, au kiwanda. Ilifikiri pia kwamba mahali palipokaguliwa mwaka huu patakuwapo mwaka ujao. Dhana hizo hazikuwa za kijinga, maana nchi ilikuwa imetumia miaka kumi kuwafanya watu wakae mahali pamoja. Wino wa sheria haujakauka sawasawa, watu wakaanza kuondoka.

Kisa chake ni dhahabu. Miaka ya 1980 ilikuwa ya shida. Pamba ilishuka bei, mishahara ikawa haitoshi, na masharti ya biashara yakaanza kulegezwa. Tangu mwaka wa 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko. Watu wakamiminika Geita na Kahama. Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Bulyanhulu, ni majina yaliyotajwa katika mabasi na vilabu toka Musoma mpaka Mbeya. Kambi iliota mahali palipokuwa pori juma lililopita, ikawa na watu maelfu, na ikahama dhahabu ilipopungua au wenye leseni kubwa walipofika. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mgodi mkubwa wa mahali hapo ukaanza kutoa dhahabu mwaka wa 2001, na ule mpya wa Geita mwaka wa 2000. Mkaguzi wa vituo vya watoto alikuwa ameandaliwa kwa kijiji. Sasa aliwekwa mbele ya kambi, na kambi haina mwenyekiti wa kudumu, haina jengo la matofali, wala haina hakika ya mwakani.

Wakati huo huo fikira za dunia juu ya mtoto zilikuwa zikigeuka. Tanzania iliukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka wa 1991, na mwaka wa 2001 ukaukubali ule wa Shirika la Kazi Duniani unaokataza kazi mbaya kabisa kwa watoto. Matunda yake yakawa Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka wa 2009. Sheria hii ilizikusanya pamoja na kuzifuta sheria za zamani, ile ya 1937, ya 1968 na ya 1981, ikaweka mtoto mzima katika kitabu kimoja: jina lake, matunzo yake, kazi aliyokatazwa, makao yake na kituo chake cha mchana. Mtu wa chini ya miaka 18 amekatazwa kazi ya hatari, na uchimbaji wa madini umetajwa waziwazi miongoni mwa kazi hizo. Na mtu atakaye kufungua kituo cha mchana hana ruhusa mpaka apewe leseni iliyo chini ya mamlaka ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Jinsi leseni inavyopatikana ni rahisi kueleza. Mwombaji huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake. Afisa huenda mahali penyewe akatazama mambo ya kila siku: kama chumba kina hewa na mwanga, kama choo kinamfaa mtoto mdogo, maji yanatoka wapi, chakula kinapikwa wapi na moto uko mbali kiasi gani, kama uwanja una ua, na mlezi ni nani, amesoma nini, ana watoto wangapi mbele yake. Ikiwa mambo ni sawa maombi hupelekwa mbele. Baada ya leseni, kazi haikuisha. Afisa ana haki ya kurudi kukagua majengo na daftari, na kituo kisichoendeshwa kwa faida ya watoto chaweza kusimamishwa na mwenyewe akaamriwa atengeneze kasoro. Mtoto akifika umri wa darasa la awali huingia katika mamlaka ya Wizara ya Elimu na wathibiti ubora wa shule. Kwa hiyo nyumba moja yenye watoto wa miaka mitatu upande huu na wa miaka mitano upande ule yaweza kuwa na wakaguzi wa wizara mbili, au, kama ilivyo mara nyingi, kila mmoja akadhani mwenzake amekwisha kupita.

Hapa ndipo ugumu wa kwanza ulipo. Leseni ni ya Kamishna, aliye katika wizara yenye dhamana ya ustawi wa jamii. Lakini Afisa Ustawi wa Jamii ni mtumishi wa halmashauri, na pikipiki yake, mafuta yake na ratiba yake ni vya halmashauri. Afisa huyo huyo husuluhisha ndoa, hutafuta baba asiyetoa matunzo, huhudhuria mahakamani na mtoto aliyeshitakiwa, huwatazama wazee na walemavu, na hukimbilia mtoto aliyetupwa. Kituo cha mchana kisicho na kelele hungoja. Tena mafunzo ya walezi yako mbali: chuo cha ustawi wa jamii cha Kisangara, kinachojulikana kwa kufundisha walezi wa watoto wadogo, kiko Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro. Mama lishe wa Rwamgasa hawezi kuacha sufuria zake kwenda huko ili arudi na cheti cha kuangalia watoto kumi.

Ugumu wa pili ni wa zebaki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hatari ya mtoto mgodini ni shimo. Rwamgasa palichaguliwa kuwa mahali pa uchunguzi katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki ulioanza mwaka wa 2002, pamoja na mahali pengine katika Brazil, Indonesia, Laos, Sudan na Zimbabwe. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch likachapisha taarifa ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza watoto wanaochimba, wanaobeba mizigo, na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Taarifa hizo ziliwahusu zaidi watoto wakubwa waliokuwa wakifanya kazi. Lakini moshi wa zebaki hauulizi nani anafanya kazi na nani amelala. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto wa chini ya miaka mitano ungali unajengwa. Mara nyingi huchomwa katika kikaango juu ya jiko la mkaa, nyuma ya nyumba ile ile wanamolala watu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka wa 2020. Kwa hiyo mkaguzi wa kituo cha kambini asiyeuliza ni wapi jirani anachomea dhahabu ametazama ua na choo, ameiacha hatari iliyo kubwa kuliko zote.

Shinyanga pia ina ukumbusho wa namna nyingine juu ya kukagua mahali pa watoto. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina wa utajiri, na uvumi wa machimbo ulitajwa mara nyingi miongoni mwa sababu. Wazazi na wakuu wa wilaya waliwapeleka watoto katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ili waishi huko chini ya ulinzi. Mwezi wa Februari 2015 mtoto mchanga aliibwa nyumbani kwao katika Mkoa wa Geita akauawa, hata baada ya Serikali kutangaza Januari ya mwaka ule kupiga marufuku waganga wa ramli. Hofu ikazidi, na watoto wa Buhangija wakazidi kiasi cha mabweni yaliyokuwapo. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema Buhangija pafungwe kwa sababu ya msongamano. Nje ya ukuta palikuwa na kifo. Lakini pia haikufaa kusema kwamba, maadamu watoto wako hai, hakuna haja ya kuhesabu vitanda, kutazama maji, na kuuliza kama jamaa zao huja kuwaona. Mahali pa kukimbilia pana haja ya ukaguzi kuliko mahali pengine, kwa kuwa mtoto wa hapo hana mahali pengine pa kwenda.

Maneno hayo hayo yafaa kwa chumba cha bati kambini. Huo ndio ugumu wa tatu, nao ndio mzito. Afisa amefika, amekuta mwanamke mmoja na watoto ishirini, sakafu ya udongo, choo cha jirani, maji ya dumu, leseni hakuna. Sheria yampa nguvu ya kufunga. Akifunga, ametimiza wajibu wake katika karatasi. Lakini kesho yake asubuhi wale watoto ishirini hawatakwenda katika kituo chenye leseni, kwa kuwa hakipo, au kipo mjini kwa ada isiyolipika. Watakwenda mwaloni migongoni mwa mama zao, au dada zao ishirini watatolewa shule. Asipofunga, na moto ukatokea, au kuhara kukaenea, damu itatafutwa mikononi mwake. Kwa hiyo maafisa wengi huchagua njia ambayo haimo katika sheria yoyote: hawaendi. Kisichoonwa hakifungwi, wala hakitengenezwi.

Nchi nyingine zimepambana na fundo hili. Bara Hindi, ambako wanawake walifanya kazi juu ya ardhi katika migodi, Sheria ya Migodi ya mwaka wa 1952 na kanuni za mwaka wa 1966 zilimpa mzigo mwenye mgodi: alitakiwa aweke chumba cha watoto wa chini ya miaka sita wa wafanya kazi wake wanawake. Aliyepata faida ya kazi ya mama alidaiwa sehemu ya malezi ya mtoto. Nairobi nako, ambako vijumba vya kulelea watoto vimejaa katika mitaa ya maskini, serikali ya kaunti ilitunga sheria yake ya vituo vya watoto mwaka wa 2017, ili mambo haya yawe karibu na mahali yanapotendeka. Tanzania yenyewe ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka wa 2021/22 hadi 2025/26, iliyozitaka wizara za afya, elimu, ustawi na serikali za mitaa zimtazame mtoto mmoja kwa macho yaliyokubaliana. Pamoja nayo vikahimizwa vituo vya kijamii, yaani vile vinavyoanzishwa na wananchi wenyewe katika kijiji au mtaa. Hapo yule mama wa chekechea wa miaka ya 1970 anarudi kwa jina jipya.

Historia hii ikitazamwa yote pamoja, yaonekana kwamba kosa halikuwa katika kutunga sheria ya ukaguzi. Lilikuwa katika kuudhania ukaguzi kuwa mlango wenye pande mbili tu, wazi au kufungwa. Sheria ya 2009 haikuamuru hivyo. Nguvu ya kumtaka mwenye kituo atengeneze kasoro ni sehemu ya ukaguzi wenyewe. Afisa aweza kuja mara ya kwanza akaandika majina ya watoto na ya mlezi, akaonyesha mahali pa kuchimba choo, akamwita mhudumu wa afya wa kijiji apime uzito wa watoto, akakataza zebaki kuchomwa karibu, na akaweka siku ya kurudi. Kufunga kungebaki kwa yule anayepiga, anayelewa, au anayekataa kuonyesha watoto. Ukaguzi wa namna hiyo wataka miguu mingi kuliko mihuri, na miguu ina gharama.

Gharama hiyo haiwezi kusemwa kuwa haipo katika nchi hii ya dhahabu. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na masoko mengine ya madini yakafuata. Tangu hapo mchimbaji mdogo hutakiwa apeleke dhahabu yake mahali panapojulikana, ipimwe mbele ya maofisa, iandikwe, na Serikali ichukue mrabaha wake na halmashauri ushuru wake. Kabla ya hapo watu wengi walisema haiwezekani: machimbo ni mengi, wachimbaji ni wengi, kambi zinahama. Ikawezekana, kwa sababu Serikali ilitaka. Vilevile tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka wa 2017 makampuni makubwa hutakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mipango ya huduma kwa jamii ya kila mwaka, na madarasa na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo. Leseni ndogo ya uchimbaji nayo ina jina la mtu juu yake, na mtu huyo anajulikana ofisini. Lau katika leseni hiyo lingeongezwa sharti la kivuli chenye ua na mlezi aliyeandikwa, mbali na karasha na mbali na moshi, mkaguzi angekuwa na wa kumwuliza, na kambi ikihama sharti lingehama nayo.

Katika soko la Geita dhahabu hupimwa kwa mizani isiyokosea sehemu ya gramu, na kila chembe ina karatasi yake. Maili chache kutoka hapo, mama aliyeiosha dhahabu ile amemwacha mwanawe asubuhi katika chumba ambacho jina lake halimo katika daftari lolote. Jioni atarudi na mabeseni yake, atainama mlangoni, na kabla hajauliza kitu kingine atahesabu watoto kwa macho mpaka amwone wa kwake.